Koti la Baridi Mwezi wa Juni

Shangazi Zuhura alipofariki, mimi na Mama ndio tuliobaki nyumbani kwake kupanga vitu. Matanga yalikuwa yamekwisha, jamaa wamerudi makwao Sugar Land na Dallas, masufuria ya kuazima yamesharudishwa msikitini. Nilikuwa napekua droo ya jikoni, ile ambayo kila nyumba inayo, ya betri zilizokwisha na funguo zisizojulikana za wapi, nikaikuta kadi. Ndogo, ya plastiki, pembe moja imekatika. Juu yake pana picha ya msichana wa miaka minane, nywele zimesukwa mistari minne, anacheka mpaka fizi zinaonekana. Nilimwonea huruma mtoto yule, kisha nikamkasirikia. Inaudhi sana kumwona mtu anacheka hivyo na wewe unajua kinachomjia.

Nikaipeleka kadi puani. Najua ni upuuzi, plastiki ya miaka yote hiyo haina harufu. Lakini ilinijia klorini, na nyuma ya klorini ile harufu ya mayai viza iliyokuwa ikitoka kiwandani, na nyuma yake udi wa Shangazi. Kwangu hizo tatu ni harufu moja. Mpaka leo nikipita karibu na bwawa la kuogelea huharakisha hatua. Mume wangu hudhani naogopa maji, nami nimemwacha adhani hivyo. Ukweli ni kwamba naogelea vizuri kuliko watu wengi ninaowafahamu.

Wakati huo tulikuwa tunaishi Dallas, Vickery Meadow, kwenye yale majengo ya fleti yaliyobanana, kila mlango viatu nje, kila ngazi harufu ya chakula cha nchi nyingine. Sisi tulitoka Mombasa. Tulikuwa watu watano katika vyumba viwili. Baba aliendesha teksi ya uwanja wa ndege. Mama alifua mashuka ya hoteli. Dada yangu Maryam alinizidi miaka mitatu na hakukubali nisahau hata siku moja. Halafu mimi, na mdogo wetu Hamadi aliyekuwa bado anatambaa. Fleti zetu zilikuwa na bwawa lao uani, lakini geti lilifungwa kwa mnyororo, na ndani mlikuwa na maji ya mvua ya kijani, kiti cha plastiki, na kigari cha supamaketi kilichozama nusu. Mimi na Maryam tulikuwa tukishika vyuma vya uzio tunatazama. Niliamini kwamba siku moja mtu atakuja na ufunguo.

Shangazi Zuhura alikuwa dada mkubwa wa Baba. Yeye na mumewe Salim, niliyemwita Ami, walikaa katika mji mdogo wa viwanda kwenye Ghuba, mwendo wa saa moja hivi kutoka Houston. Ami alifanya kazi kiwanda cha kusafisha mafuta, Shangazi alihudumia wazee. Hawakujaliwa mtoto. Nyinyi wa rika langu mliozaliwa pwani mnajua mambo haya: mtu akikosa mtoto, ndugu yake humpa mmoja amlee. Bibi yangu mwenyewe alilelewa na mama yake mdogo. Kila ukoo una mtoto wa namna hiyo, na kila mtu humwambia ana bahati, ana mama wawili. Nayasema haya mapema ili nisieleweke vibaya. Sina ugomvi na desturi. Ugomvi wangu ni jinsi mimi nilivyotolewa.

Lilianza kwa kusukwa. Shule zilikuwa zimefungwa siku mbili tatu zilizopita. Mama alinikalisha sakafuni kati ya magoti yake, chanuo mkononi na mafuta ya nazi kando, akasema kama anayezungumzia mboga:

"Mishi, unaenda kwa Shangazi Zuhura."

"Peke yangu?"

"Peke yako. Huko kuna bwawa la kuogelea, kubwa, la mji mzima. Lina mtelezo. Na maktaba yao ina AC mpaka mtu anatetemeka. Uta-enjoy, wallahi."

"Na Maryam?"

"Maryam atanibakia hapa na Hamadi. Inamisha kichwa."

Maryam alikuwa ameketi mlangoni anachuna gamba la kidonda cha goti, kimya. Nilijua kimya kile ni kijicho, na kilinifurahisha mno. Mara yangu ya kwanza maishani nimepata kitu ambacho Maryam hana.

Maneno yale ya Mama nimeyachambua mara nyingi, kama mtu anayechambua mchele, na hamna hata chuya moja. Hakusema likizo. Hakusema wiki ngapi. Likizo niliitia mimi mwenyewe, kwa sababu shule zimefungwa, na mtoto akisafiri shule zimefungwa anakwenda likizo. Mama aliona nimeitia, akaiacha palepale.

Shangazi na Ami walikuja kunichukua na gari lao lenye viti vya kitambaa. Mama alikuwa amepakia sanduku langu tangu jana yake, akalifunga na mkanda wa zamani wa Baba kwa kuwa zipu ilikuwa mbovu. Aliponiaga alinishika uso kwa mikono miwili na kunitazama muda mrefu hata nikaona haya. Nikajiponyoa nikakimbilia garini. Nilikuwa na haraka ya kwenda kuogelea.

Tulipofika, Shangazi alinisaidia kutoa nguo. Chini kabisa ya sanduku, chini ya magauni na chupi na msahafu wangu mdogo, kulikuwa na koti la baridi. La zambarau, zito, lenye kofia na manyoya ya bandia. Sikuwahi kuliona. Nilicheka mpaka nikakaa kitandani.

"Shangazi, Mama amesahau ni summer!"

Shangazi hakucheka. Alilikung'uta koti, akalitafutia hanga, akalitundika kabatini peke yake upande wa kushoto.

"Mamako hasahau kitu," alisema.

Nililifikiria jambo hilo kama siku mbili, kisha nikapata jibu. Ami, akitoka kwenye joto la kiwandani, alipenda nyumba iwe baridi. Aliweka AC chini kabisa, madirisha yakatoka jasho kwa nje. Ala, kumbe! Mama alijua. Nikalitoa koti nikawa nalivaa nikitazama katuni asubuhi, miguu nimeikunja ndani yake, mikono yake mirefu imenipita vidole. Nilijisifu moyoni kuwa na mama mwenye akili namna ile.

Na mji, nitasema kweli, ulikuwa mji wa kupendwa na mtoto. Ulikuwa mdogo kiasi kwamba Shangazi aliniacha nikatembea peke yangu mpaka mtaa wa nne. Viwanda viliuzunguka pande tatu: matangi meupe ya duara, mabomba yanayopanda na kushuka, na mnara mwembamba wenye moto kichwani usiozimika. Mimi nilidhani ule moto ni jiko, kwamba kiwandani kuna mpishi anayepikia wafanyakazi wote, na ile harufu ya mayai ndiyo kifungua kinywa chao. Ami nilipomwuliza alicheka akasema chakula chao hicho hakiliki. Viwanda ndivyo vilivyoupa mji vitu vyake vyote: maktaba yenye zulia, bustani yenye bembea mpya, mabasi ya manjano yanayong'aa. Ukiuliza chochote kizuri kimetoka wapi, mkono ulinyooshwa kule kwenye matangi. Kila Jumatano adhuhuri kilipigwa king'ora cha majaribio, kirefu, cha kutisha, na hakuna aliyeinua hata kichwa. Wiki ya kwanza nilijificha chini ya meza. Wiki ya tatu nilikuwa nikiendelea kula.

Hizo Jumatano nilizihesabu. Shangazi alikuwa na kalenda jikoni, na kila king'ora kilipolia nilitia alama ya kalamu. Nilijua zitakuwa kumi kabla shule kufunguliwa. Nilipenda kule, lakini nilitaka kurudi nimsimulie Maryam. Raha ambayo Maryam hajaisikia ilikuwa nusu raha.

Na bwawa lilikuwepo! Buluu kama kwenye tangazo, mtelezo wenye kona mbili, maji yanafoka kutoka mdomoni mwa pomboo wa saruji. Siku ya kwanza hatukuingia. Shangazi alinipeleka kwanza ofisini, kwa mama mmoja mnene mwenye miwani ya kamba, akafungua mkoba akatoa bili ya maji ya nyumba yake na karatasi nyingine iliyopigwa mhuri. Nilisimama kwa ncha za vidole nikachungulia. Chini ya karatasi ile niliona sahihi ya Baba. Niliijua vizuri, ule mkia anaouburura mwishoni mpaka ukingoni mwa karatasi. Sikushtuka. Huko shuleni Dallas hata kwenda kuona wanyama Baba hutia sahihi. Nikaona ni ruhusa ya kuogelea, nikamshukuru kimoyomoyo kwa kukumbuka.

Yule mama akanisimamisha mbele ya ukuta mweupe. "Smile, sweetheart!" Nikatabasamu kwa nguvu zangu zote. Mashine ikavuma, kadi ikatoka ikiwa ya moto bado. Jina langu, picha yangu, na chini yake neno kwa herufi kubwa: RESIDENT. Niliweza kulisoma. Nikalichukulia kama cheo.

Shangazi alinishonea vazi la kuogelea kwa cherehani yake, suruali mpaka kwenye vifundo na shati la mikono mirefu, kwa kitambaa alichokitafuta madukani Houston wiki nzima, maana pale bwawani hawakutaka nguo za pamba. Kila alasiri aliyokuwa hana zamu alikaa kwenye kiti cha ukingoni na buibui lake, mwavuli wa jua mkononi, leso mbili magotini za kunifutia maji. Yeye mwenyewe hakujua kuogelea hata kidogo. Lakini alinifundisha kwa kupiga kelele.

"Nyoosha mkono! U-relax shingo, Mishi, si unabeba mtungi! Eeeh, hivyo hivyo, mwanangu! Hivyo!"

Aliniita mwanangu mbele ya watu wote. Mimi sikuliona neno hilo kuwa na uzito. Wamama wote wa kwetu huita watoto wa watu hivyo.

Jumapili Mama alipiga simu. Ilikuwa imetundikwa ukutani jikoni, waya wake mrefu, nikawa nazunguka nao mpaka nimejifunga. Nilimsimulia pomboo, mtelezo, mwalimu wa maktaba aliyeniruhusu kuchukua vitabu saba. Mama alisema, "Vizuri, mwanangu. Vizuri sana." Nikimwuliza Maryam anafanya nini, alisema amelala au ametoka. Nilipomwambia, "Zimebaki Jumatano nne, Mama," upande wa pili ukanyamaza, kisha akaniomba nimpe Shangazi simu. Nilidhani waya umeharibika.

Wakaja wote mwezi wa Agosti, Ijumaa jioni, na kapu la mahamri lililosafiri saa tano. Jumapili asubuhi tulikwenda bwawani. Na hapo getini, ndugu zangu, nilifika kilele cha ujinga wangu. Msichana wa getini, pua imepakwa dawa nyeupe ya jua, alituonyesha kwa kidole: wakaazi huku, wageni kule. Maryam akafungwa bangili ya karatasi ya rangi ya chungwa mkononi. Hamadi naye, kwenye kijikono chake kinene. Hata Mama na Baba. Mimi nilinyanyua kadi niliyoivaa shingoni kwa uzi nikapita upande mwingine, peke yangu, kama waziri.

"Why do you get that one?" Maryam akauliza.

"Mimi mwenyeji," nikamwambia. "Nyinyi wageni."

Nilisema kwa sauti. Nilitaka wote wasikie. Mama alikuwa anamvua Hamadi viatu, na mikono yake ikasimama. Baba akakohoa akamwuliza Ami habari ya maegesho. Mimi nikakimbilia mtelezoni, nikawaonyesha kila nilichojifunza, mbele na mgongo na kuzama, na kila nilipotoa kichwa majini nilimtafuta Mama nione kama ameona. Alikuwa ananitazama. Hakuondoa macho hata mara moja asubuhi ile.

Sanduku langu nilikuwa nimelifunga tangu Jumamosi. Mkanda wa Baba, tundu la tatu, kama Mama alivyofanya. Koti nililiacha kabatini kwa sababu halikuingia na vile vitabu, na nilisema nitalikumbatia garini. Baada ya pilau ya mchana niliburura sanduku mpaka nje, buti lilikuwa wazi, nikalipandisha kwa goti. Baba alikuwa nyuma yangu. Alilitoa. Alilishika kwa mkono mmoja, taratibu, akaliweka chini kwenye saruji.

"Hili liache, Mishi."

Nilidhani nafasi haitoshi. "Nitaliweka miguuni kwangu."

"Wewe unabaki na Shangazi. Shule ya hapa nzuri, ushaandikishwa. Si umepapenda?"

"Mpaka lini?"

Baba alitazama matangi. "Kidogo tu."

Maryam alikuwa ameshakaa garini, dirisha wazi, na akatoa kichwa. Laiti angecheka. Angecheka ningejua ni ukorofi wake wa siku zote. Alinitazama kwa mshangao wa kweli, mdomo wazi, akasema polepole, "You didn't know?"

Kwa hiyo yeye alijua. Siku ile ya kusukwa alijua. Kile kimya chake cha mlangoni hakikuwa kijicho. Alikuwa ameambiwa asiseme, na Maryam, ambaye hakuwahi kutunza siri yangu hata moja, hii aliitunza majira yote ya joto. Nikachungulia dirishani nikaona amevaa viatu vyangu vyekundu vya shule nilivyoviacha chini ya kitanda, visigino amevikanyaga kwa kuwa vinambana. Aliona nimeona, akaikunja miguu chini ya kiti.

Mama alikuwa kiti cha mbele. Mkanda ameshaufunga, kioo kimepanda mpaka juu, shingo imesimama wima, anatazama barabara ambayo haikuwa na kitu. Hakugeuka. Nilisimama pale na kadi shingoni, nywele bado mbichi kwa maji ya bwawa, na sikulia. Macho yalikuwa makavu. Sijui kwa nini. Nadhani nilikuwa nangoja mtu aseme ni mchezo. Na nilikuwa nimetoka kujitangaza mwenyeji mbele ya watu. Mwenyeji halii wageni wakiondoka.

Baba alinibusu utosini. "Hodari! Mwaona? Hata chozi. Mtoto mkubwa huyu."

Gari likawashwa. Halikuondoka mara moja. Lilikaa pale linanguruma, likakaa, mpaka Ami akainama kuangalia kama kuna tatizo. Nilidhani Baba anarekebisha kioo. Kisha likaenda, likapinda kwenye kona ya kanisa, nikabaki naangalia ile kona.

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni muda wote. Alikuja akasimama mbele yangu, akanitazama vizuri.

"Mamako hakukwambia?"

Nilitikisa kichwa.

"Baba yako?"

Nikatikisa tena.

Aliketi kwenye ukingo wa barabara, mwanamke mtu mzima na buibui lake. "Waliniambia umekubali," alisema. "Mishi, wallahi, waliniambia wamekuuliza na umefurahi."

"Nilifurahia bwawa," nikamwambia.

Alijiziba mdomo kwa leso. Yeye ndiye aliyelia siku ile, na mimi ndiye niliyempigapiga mgongoni. Kuanzia hapo hakuniita mwanangu tena. Aliniita Mishi, mpaka anaingia kaburini, hata siku aliponiozesha. Nililelewa vizuri mno, sitamsingizia. Alinisomesha, aliniuguza, aliniheshimu kuliko watoto wengi wanavyoheshimiwa na wazazi waliowazaa. Lakini neno lile alilirudisha, kama mtu aliyegundua kwamba kitu alichopewa kilikuwa cha kuibwa.

Novemba upepo wa kaskazini ulishuka ghafla, asubuhi moja nyasi zikawa nyeupe. Shangazi alilitoa koti kabatini akanivisha niende kituo cha basi la shule. Nilinyoosha mikono. Zile ncha zilinipita vidole, kama zilivyonipita Juni, na pale pale, kwenye ngazi za mlango, nikaelewa. Mama yangu alikuwa mnunuzi makini. Alitupima mabegani kwa shubiri kabla ya kulipia kitu chochote. Kama alininunulia koti la kunipita kiasi kile, alikuwa amenipigia hesabu ya kukua. Kile "kidogo" cha Baba kilikuwa na urefu, na urefu wenyewe nilikuwa nimeuvaa majira yote ya joto nikitazama katuni. Baridi ya pili mikono ilinifika kwenye vifundo vya vidole. Ya tatu ilinikaa sawasawa. Ya nne ilikuwa fupi, na Shangazi akaninunulia jingine.

Dallas nilikwenda Idi. Mama alinitolea bilauri zile za wageni, zenye ua la dhahabu, zilizokuwa zikikaa juu ya kabati. Maryam na Hamadi walinywea vikombe vyao vya plastiki. Nilivitamani vile vikombe vya plastiki mpaka nikakosa hamu ya biriani. Hakuna aliyenieleza kitu mwaka ule, wala mwaka uliofuata, nami sikuuliza. Mimi na Mama tukawa watu wa kuulizana afya, presha ikoje, mvua imenyesha huko. Miaka ikaenda hivyo.

Basi siku ile ya kupanga vitu, nikiwa jikoni na kadi mkononi, Mama aliniita kutoka chumba changu cha zamani. Sasa anakaa Mansfield kwa Hamadi, magoti yanamsumbua. Alikuwa ameketi kitandani, kabati liko wazi, na mapajani mwake kuna koti la zambarau ndani ya mfuko wa dobi. Shangazi alilihifadhi. Manyoya ya kofia yamekuwa kama ya paka aliyenyeshewa.

"Hili nililinunua mwezi wa Mei," Mama alisema. "Lilikuwa la mwisho dukani, limebaki tangu baridi. Nilizunguka nalo siku nzima ndani ya mfuko. Sikujua niliweke wapi usilione."

Nikaketi kando yake. Labda ni kwa sababu Shangazi hakuwepo tena kuumia. Labda nilikuwa nimechoka tu.

"Kwa nini hukuniambia, Mama?"

Alikuwa akilinyoosha lile koti, mkono mmoja, kisha mwingine, kana kwamba kuna mtu atalivaa.

"Baba yako alikuwa ameshamwahidi dada yake. Alimwahidi hata kabla hujaanza kutembea. Nami sikukataa, sikuweza kukataa. Nikasema moyoni, tutamwachia Mishi mwenyewe aamue. Ningekuambia ungelia, na ungelia nisingekuacha. Wallahi nisingekuacha. Hata siku ile garini. Nilimwambia Baba yako, usiondoke kwanza. Nilisema nikimsikia analia tu, nashuka, nampakia, na liwalo na liwe."

Aliniangalia, na macho yake yalikuwa yamejaa.

"Nilikusikiliza, Mishi. Hukulia."

Nilikuwa na miaka minane. Kioo chake kilikuwa kimepanda mpaka juu.